Mng'aro Unaokula Kijiko

Nina ugomvi na wasuguaji. Siwasemi wanaosugua masufuria, maana sufuria lililoungua wali lina haki ya kusuguliwa. Nawasema wale wanaochukua vijiko, uma na visu vya fedha walivyoachiwa na wazee wao, wakavivamia kwa majivu, mchanga na waya wa kusugulia, kisha wakakaa kitako kuusifu mng'aro. Ndugu msomaji, kinachong'aa pale ni fedha inayoondoka.

Vingi nilivyopata kuvishika katika nyumba za pwani si fedha tupu. Geuza kijiko utazame nyuma ya mpini. Ukikuta herufi EPNS, jua kwamba ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na fedha ni ngozi tu iliyovishwa juu kwa nguvu ya umeme, ufundi ambao akina Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi. Isugue kwa mchanga kila Idi, na itafika Idi moja utaona umanjano unachungulia mgongoni mwa kijiko. Hapo hakuna dawa ila kukivisha upya.

Na ule weusi tunaoupiga vita hata si uchafu. Ni fedha iliyoungana na salfa, ile ambayo wazee waliiita kiberiti. Imo hewani, imo katika yai, katika sufu na katika mpira. Mtu anasugua kutwa nzima, anafunga vijiko sita sita kwa mpira, anavizungushia gazeti, na baada ya miezi michache anashangaa kukuta mchirizi mweusi palepale ulipokaza mpira. Kisha analaumu fedha!

Nadhani tabia hii tumeihamisha kutoka kwenye sinia za shaba, ambazo tangu zamani husafishwa kwa ukwaju au ndimu na majivu. Lakini hata shaba, ukiiacha na ndimu bila kuisuuza na kuikausha, hufifia upesi kuliko mwanzo. Fedha haina haja na ndimu, na chumvi ni adui yake.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi, wenye karatasi ya alumini, magadi na maji ya moto. Weusi hutoka, sikatai. Ila hutoka wote, hata ule wa ndani ya nakshi uliofanya maua yaonekane, na kijiko hubaki kimepauka. Visu vya kale ndio usiseme: mipini mingi ina uwazi uliojazwa lami, na maji ya moto huilegeza mpaka bapa likachomoka.

Linaloniudhi hasa si hilo. Katika nyumba moja nisiyoitaja, nilimwona binti wa kazi akikatwa mshahara kwa ajili ya seti iliyochujuka. Aliyemkabidhi majivu ni mwenye nyumba. Aliyekuwa akiinua kijiko dirishani na kusema "bado, sugua" ni huyohuyo. Amri ya miaka na miaka, waliyoitii mabinti wengi kabla yake, ikaja kulipwa na mtu mwenye miezi minane kazini. Nilipomwambia mama yule kwamba deni ni lake, alinijibu kuwa wanaume hawajui mambo ya jikoni. Labda. Lakini hesabu naijua.

Kazi yenyewe ni nyepesi mno. Osha mara baada ya kula, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushe papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Weusi ukizidi, chukua unga laini wa chokaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si chaki ya darasani yenye chembe, uuloweshe kidogo, upitishe kwa pamba taratibu kufuata urefu wa mpini. Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Hifadhi katika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa.

Tena vitumieni. Kijiko kinachooshwa kila siku hakipati nafasi ya kuwa cheusi. Kinachofungiwa kumngojea mgeni ndicho kinachodai kusuguliwa. Vya kwangu vina weusi ndani ya maua ya mpini, na wageni hulia pilau bila kuuliza.