Kung'oa Mikanda Si Kupunguza Uzito

Vijana wenzangu wa Paya, Mulanda na Busia pande zote mbili! Leo siongelei posho wala karatasi za ukimbizi. Naongelea gari.

Mnajua niko kwa garaji, najifunza ufundi. Mwezi uliopita jamaa walileta Corolla kuukuu wakasema, "Fundi, tupunguzie uzito, Jumamosi usiku tuna resi." Tukatoa kiti cha nyuma, kapeti, spea taya na jeki. Mpaka hapo sina neno. Halafu wakataka tung'oe na mikanda, ati nayo ni mzigo. Fundi wangu akakataa. Wakaenda wakaing'oa wenyewe.

Jumamosi hiyo rafiki yetu alikaa nyuma juu ya kreti ya soda, kwenye lami ya kuelekea Busia. Gari likaingia mtaroni. Yuko hai, lakini mguu una vyuma. Mama yake, aliyembeba mgongoni wakivuka mpaka 2008, sasa anambeba tena hadi chooni.

Na hesabu yenyewe haiingii akilini. Mikanda ile yote haifikii uzito wa debe moja la mahindi. Rafiki yetu ana kilo kama sitini. Kama kweli walitaka wepesi, si wangemwacha nyumbani?

Wengi wanasema kupunguza uzito ni ujinga wa vijana. Hapo nakataa, hiyo ni elimu ya kweli. Ukiongeza nguvu ya injini, gari linachomoka haraka, basi. Ukipunguza uzito, linachomoka haraka, linasimama mapema, na kwenye kona halivutwi nje sana. Ndiyo maana mafundi wa rali wanatoa viti vya nyuma, kapeti na plastiki za milango. Lakini angalieni wanachorudisha: kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya bodi, mikanda ya mabega na kiuno, kizimamoto. Zote hizo ni kilo. Sheria nayo inaweka kikomo: gari la daraja la Rally2 haliruhusiwi kuwa chini ya kilo 1,230. Hata tajiri hawezi kujinunulia wepesi kwa kuuza usalama wake.

Wazee wa Safari Rally walilijua hilo zamani. Magari yao yalifungwa vyuma mbele na bamba chini ya injini, yakabeba na spea, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na mbovu. Mwepesi asiyefika mwisho hakushinda kitu. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda na Lancer ndogo yenye injini ya 1600, mbele ya Porsche. Mwaka mmoja kabla yake, 1973, mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Yeye na familia yake walikimbilia Kenya 1972, wakati wa Amin. Alitoka huku kwenda kule, sisi tukatoka kule kuja huku. Baadaye akafikisha ushindi wa Safari mara tano. Kwa hiyo msiniambie mkimbizi hana haki ya kupenda mwendo.

Tena sisi tunajua kupunguza mzigo kuliko mtu yeyote. Usiku ule wazazi wetu waliacha kabati, wakaacha godoro, wakaacha kuku. Hawakuacha mtoto.

Pendekezo langu ni hili. Sisi wa garaji tukubaliane: anayetaka mkanda utolewe, gari lake tusiliguse. Wanaotaka resi tukae na viongozi wa LC, tuombe uwanja na siku, mchana, watu wakae mbali. Na wewe ndugu yangu unayeitwa uingie nyuma, uliza kwanza, "Nakaa wapi?" Wakikuonyesha kreti, shuka. Watakucheka. Wacha wacheke, utarudi nyumbani kwa miguu yako.

Nyinyi mnasemaje?