Kina cha Sarafu Si Umri Wake

Barazani, na hata katika vyumba vyetu vya walimu, limezuka swali: sarafu za kale hupatikana kwa kina gani? Waulizao wamekwisha kuona mashine za kutambua metali, nao wataka kujua wachimbe shimo la urefu gani. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari twasema wazi kwamba swali hilo limekwenda upande.

Kwanza, kina si umri. Sarafu haizami kwa uzito wake mwaka baada ya mwaka. Hufunikwa na udongo unaotolewa na minyoo, na mafuriko, na sakafu mpya juu ya sakafu kuukuu. Penye mmomonyoko hufunuliwa. Shambani, jembe huchanganya senti ya jana na sarafu ya karne zilizopita. Kisimani Mafia, ambako bahari imekula mji wa kale, sarafu zimeokotwa ufukweni pasipo kuchimba. Mashine ya kawaida huitambua sarafu moja hadi kiasi cha sentimita 20 au 25. Huo ni mpaka wa mashine, wala si mpaka wa historia.

Watatujibu kwamba huko Ulaya watu wametajirika. Naam. Mwaka 2010, karibu na Frome, Uingereza, Dave Crisp alichimba kiasi cha sentimita 35 akakuta mtungi uliojaa sarafu za Kirumi. Hakuung'oa. Aliacha kuchimba, akawaita wataalamu, nao wakazitoa tabaka kwa tabaka, jumla 52,503. Sifa yake ni kule kuacha. Mbona hilo halitajwi?

Na pwani ya Waswahili tunayo Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walikuta huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Zile za fedha zina majina ya watawala lakini hazina tarehe. Dinari zina tarehe, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Kwa kuwa zililala pamoja, dhahabu iliisemea fedha. Lau mwenye mashine angalitangulia, dhahabu ingaliishia kwa sonara, fedha ingalitawanyika, na watawala wale wangalibaki majina yasiyo na zama.

Walimu wenzetu, jambo hili latuhusu. Sarafu hizo zimeandikwa kwa Kiarabu, lakini zilipigwa pwani, na maneno ya upande mmoja hufungana kwa vina na ya upande wa pili: jina la mtawala huitikiwa na sifa ya Mola. Ni maandishi ya kale kuliko hati yoyote ya utenzi iliyotufikia. Nani kati yetu angekubali karatasi za utenzi zichanwe na kuuzwa ubeti ubeti?

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya kale bila kibali. Lakini sheria haifiki kila shimo. Mwalimu hufika kila darasa. Basi mwanafunzi akituuliza ni kwa kina gani, tumjibu: ukiiona, usichimbe zaidi, usiisugue, andika mahali na kilichokuwa kando yake, kisha uwaarifu watu wa makumbusho. Mwacha asili ni mtumwa. Na aiuzaye je?