Nafasi ya upendeleo Lugogo apewe nani?

Mashindano ya kulipwa ya tenisi ya wanawake yakiletwa Kampala, ubishi kwenye viwanja vya Lugogo huwa juu ya droo ya mmoja mmoja: nani kapewa nafasi ya upendeleo, ile ya kuingia bila kutegemea kiwango, nani kaachwa. Droo ya wawili wawili haina mtetezi. Nadhani hapo tunakosea.

Tuchukue ngazi ya chini kabisa, ile ya zawadi za jumla ya dola 15,000. Droo ya mmoja mmoja ina wachezaji 32. Ya wawili wawili ina jozi 16. Jozi ikishinda mara moja tu imeingia robo fainali. Tena mchezo wenyewe ni mfupi: ikifika arobaini kwa arobaini, pointi moja inaamua, na seti ya tatu hugeuzwa mbio za pointi kumi. Katika mchezo wa namna hiyo mnyonge ana pa kupenyea, mradi mwenzake ajue kusimama wavuni.

Mwenzake ni nani, basi? Wapo wanaotaka mabinti wawili wa Uganda wacheze pamoja, na siwadharau: wamefanya mazoezi pamoja, wanaelewana hata bila kusemeshana. Lakini wote wawili wakiwa hawajawahi kukutana na mpira wa ngazi hiyo, hofu ya mmoja humwambukiza mwingine.

Mwenza wa kigeni anaweza kuwa dawa. Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon. Hakucheza na Mkenya. Alicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, wakasawazisha, wakamaliza kwa 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la Grand Slam kabla yake.

Wageni wengi hutua kwenye mashindano madogo bila mwenza na kuanza kuulizana. Waandaaji wangeanza kazi hiyo mapema, wamwunganishe binti wa hapa na mgeni mzoefu. Viwango vya jozi hujumlishwa, kwa hiyo mgeni aliye juu anaweza kumvuta mwenyeji mpaka ndani ya droo, na nafasi ya upendeleo ikabaki kwa jozi ya Waganda watupu. Kisha binti aliyetolewa Jumanne katika mmoja mmoja angekuwa bado uwanjani Alhamisi, amesimama karibu na mtu anayelipwa kwa kucheza, akisikia anavyopanga pointi inayofuata.