Damu si Hukumu

Ziko methali mbili katika lugha yetu ambazo haziwezi kulala nyumba moja bila ya kugombana. Ya kwanza husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazee wetu walizitunza zote mbili, na kila moja ina mahali pake. Lakini sisi tumeipenda ile ya kwanza kupita kiasi, kwa sababu haitudai kazi yoyote. Mtu akisha kusema kuwa mtoto ameharibika kwa damu yake, amejipa ruhusa ya kukaa kitako. Leo, msomaji, nataka kuishtaki methali hiyo mbele yako. Nina mashahidi wawili, lakini kabla ya kuwaita yanipasa kukiri kuwa mimi mwenyewe si msafi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilipelekwa katika shule moja ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Katika darasa la sita alikuwamo msichana aliyelemewa na hesabu. Nilipomtaja katika chumba cha walimu, mmoja wao alicheka akasema, "Usijichoshe, mwalimu. Nilimfundisha nduguye, na kabla yake nilimfundisha babaye. Hesabu haimo katika ukoo ule." Nami nikaona nimetuliwa mzigo. Tangu siku hiyo, kila nilipouliza swali, macho yangu yaliruka dawati lake. Juma la kwanza aliinua mkono. Juma la pili aliuinua nusu. Juma la tatu aliuweka mapajani. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilimhukumu tu, na hukumu yangu ilimfikia bila ya kutamkwa.

Shahidi wangu wa kwanza ni jicho la mtoto mchanga. Ipo saratani iitwayo retinoblastoma, iotayo nyuma ya jicho, katika utando upokeao nuru. Huwapata hasa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Watoto wapatao 4 katika kila 10 wenye ugonjwa huu wamezaliwa na kasoro katika jeni moja, na wengine kati yao wameirithi kutoka kwa baba au mama. Hapa methali ya nyoka yaonekana kushinda kesi. Lakini ngoja kidogo.

Mwaka 1971 daktari Mmarekani, Alfred Knudson, alichapisha uchunguzi wa watoto 48 waliougua ugonjwa huo. Alilinganisha umri wao na uvimbe ulioota katika macho yao, akafikia neno hili: kasoro moja haitoshi. Ili saratani iote, lazima mabadiliko mawili yatukie. Jeni yenyewe ilipotengwa mwaka 1986, maana yake ilizidi kuwa wazi. Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ni kama mlango wenye makomeo mawili. Mtoto aliyezaliwa na kasoro amezaliwa komeo moja limevunjika, lakini mwizi haingii mpaka la pili nalo livunjike.

Sitakudanganya: katika ugonjwa huu komeo la pili huvunjika kwa watoto walio wengi waliozaliwa na kasoro hiyo. Urithi una nguvu, na anayekana jambo hilo hatendi haki. Hata hivyo tazama faida ya kulijua. Mzazi aliyeugua utotoni anaweza kupeleka mtoto wake akapimwa macho tangu majuma ya kwanza ya maisha. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, huweza kuunguzwa kwa mwali wa leza au kugandishwa kwa baridi kali, na mtoto akaendelea kuona. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za Afrika wengi hufa, na sababu kubwa ni kuchelewa. Umbali wa hospitali huchelewesha, na ukosefu wa fedha huchelewesha. Lakini huchelewesha pia kauli ya jirani asemaye kuwa hiyo ni laana ya ukoo na haina dawa. Urithi ulikuwa habari iliyoletwa ili watu waamke. Wao waliisikia kama hukumu, wakalala.

Shahidi wangu wa pili anatoka kisiwa cha Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987, wachunguzi mjini Kingston waliwachukua watoto 129 wa mitaa maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Waliwagawa katika vikundi bila ya kuchagua huyu wala yule. Baadhi ya watoto hao walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, kwa muda wa saa moja, na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyoundwa nyumbani. Ziara hizo ziliendelea kwa miaka miwili tu. Watoto wale walipotimiza umri wa miaka 22 hivi walitafutwa tena, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Wale waliotembelewa walikuwa wakipata mapato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, wakawa wamewafikia vijana wa mitaa ile ile ambao hawakudumaa utotoni.

Fikiri, msomaji. Vikundi vile vilitoka katika umaskini mmoja, na hakuna aliyewapanga kwa ubora wa koo zao. Methali ya nyoka ina jibu gani hapa? Tofauti ililetwa na saa moja kwa juma, na mtu mzima aliyeketi chini sakafuni akazungumza na mtoto ambaye hajui kujibu.

Wako watakaogeuza ushahidi huu kuwa mnyororo mpya. Watasema kuwa ikiwa miaka ya kwanza ina nguvu hivyo, basi aliyeipoteza amepotea. Hilo ni kosa lile lile lililovaa kanzu nyingine. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli. Lakini binadamu si samaki wa kukauka jua moja. Ubongo wa kijana wa umri wako ungali unajengwa, na anayekufundisha kuwa umekwisha kuiva hasemi kweli.

Basi nakuomba mambo matatu. Ukiona mng'aro mweupe katika mboni ya jicho la mtoto, au makengeza yaliyozuka, usingojee shauri la jirani. Sema apelekwe hospitali upesi. Ukiwa na mdogo wako nyumbani, zungumza naye, mwimbie, mpe kopo na kifuniko achezee, hata kama watu wanakucheka kuwa wapiga soga na kitoto. Na siku utakapokabidhiwa darasa, au watoto wako mwenyewe, usimpime mtoto kwa nduguye.

Yule msichana wa darasa la sita sasa ni mtu mzima. Huenda alipata mwalimu mwingine aliyemtazama usoni, natumaini hivyo. Lakini majuma yale matatu yalikuwa yangu, nami niliyatumia kumfundisha jambo moja tu, nalo lilikuwa uongo.