Tupime Kwanza Panapoumiza

Kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijafika kwa watu. Kila msimu wa masoko ya tumbaku hapa Tabora hunirudisha kwenye swali lile lile: nani aliyeamua sehemu ipi ya mfumo wa malipo ya wakulima ijaribiwe kwanza? Muda wa majaribio hautoshi kamwe, hivyo lazima kuchagua. Nimeona mara nyingi kinachojaribiwa sana ni kile atakachoonyeshwa mgeni rasmi siku ya uzinduzi: ukurasa wa kwanza, rangi, ripoti zenye michoro.

Tathmini ya vihatarishi huuliza mengine. Ni wapi kosa linaweza kutokea kirahisi, na likitokea litamuumiza nani, kwa kiasi gani?

Tazama tumbaku yenyewe. Mteuzi hupanga daraja, robota hupimwa uzito, bei hutajwa kwa dola, dola hugeuzwa shilingi, kisha mkopo wa pembejeo hukatwa kabla mkulima hajashika chochote. Nukta moja ikikaa vibaya kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, chama kizima cha msingi (AMCOS) kimeumia, kiwe Urambo au Kaliua. Picha ya mkulima isipotokea kwenye skrini, karani ataendelea na kazi. Mimi ningetumia nusu ya muda wangu kwenye makato peke yake: wanachama wenye majina yanayofanana, mkulima mwenye mikopo miwili, mtandao kukatika katikati ya malipo, karani kubonyeza mara mbili.

Kupima hatari hivi si jambo geni huku. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Bagamoyo na Ujiji hawakugawa hofu yao sawasawa njia nzima. Walipokaribia nyika kavu kama Mgunda Mkali, mashariki ya Unyanyembe, walijaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala bila kisima, ili kesho yake wayafikie maji mapema. Ujuzi huo ulitoka kwa wenye mzigo mabegani.

Uingereza walikosa masikio ya kuwasikiliza wenye mzigo. Mfumo wa posta uitwao Horizon, ulioanza kutumika mwaka 1999, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Waendesha matawi walilalamika, hawakuaminiwa; watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela. Huku kwetu karani wa AMCOS ndiye aliyekalia kiti hicho. Hesabu ya kompyuta isipolingana na fedha, wanachama humgeukia yeye.

Ndiyo maana nataka makarani na wakulima waketi na watengenezaji wa mfumo kabla majaribio hayajapangwa, waseme wao ni kosa gani litawamaliza. Orodha hiyo ya vihatarishi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama, pamoja na matokeo ya kila jaribio. Na majaribio ya makato yakifeli, uzinduzi uahirishwe, hata kama mahema yameshasimikwa.