Hesabu ya Tangi Isiishie Ubaoni

Miongoni mwa maswali ya Hisabati yanayowatoa jasho watoto wetu, swali la tangi na mabomba halikosekani. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa 4, bomba la pili hulijaza kwa saa 6, na tundu lililo chini humaliza tangi lililojaa kwa saa 12. Vyote vikiwa wazi kwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

Wanafunzi wengi hukimbilia kujumlisha saa. Nne na sita ni kumi. Ukitoa kumi na mbili, unabaki na upungufu wa mbili. Maana yake ni kwamba tangi lilijaa saa mbili kabla bomba halijafunguliwa! Jibu la namna hiyo lingepaswa kumchekesha yule yule aliyeliandika. Halimchekeshi, kwa sababu amezoezwa kuziona tarakimu na hakuzoezwa kuliona tangi.

Saa hazijumlishwi. Kinachojumlishwa ni kazi inayofanyika katika saa moja. Kwa saa moja bomba la kwanza hujaza robo ya tangi, la pili hujaza sehemu moja ya sita, na tundu hutoa sehemu moja ya kumi na mbili. Zikigeuzwa zote kuwa sehemu za kumi na mbili, tunapata tatu, kuongeza mbili, kutoa moja: nne ya kumi na mbili, yaani theluthi. Ikiwa kila saa tangi hupata theluthi, litajaa kwa saa 3.

Hatuandiki haya ili tugeuze ukurasa huu kuwa darasa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, ni takriban robo tu ya watahiniwa waliofaulu Hisabati. Katika nchi iliyotangaziwa Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, ni jambo la kusikitisha kwamba somo hilo bado linaonekana na vijana kuwa ni mzigo wa mtihani, unaotuliwa mlangoni siku ya kumaliza shule. Nao wanaishi ndani ya swali hilo hilo kila siku.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa katika mitaa ya Kariakoo. Juu ya paa kuna tangi la lita 5,000. Siku ya mgao maji hutoka kwa saa 12, na pampu hupandisha lita 1,000 kwa saa. Wapangaji hutumia lita 600 kwa saa. Koki mbovu huvujisha lita 150 kwa saa. Mwenye nyumba huidharau koki hiyo, akisema 150 si kitu mbele ya 1,000.

Hapo ndipo anapokosea. Koki haishindani na zile 1,000, bali inashindana na kile kinachobaki. Baada ya matumizi hubaki lita 400 kwa saa. Koki ikichukua 150, hubaki 250. Mgao ukikatika baada ya saa 12, tangi lililoanza tupu lina lita 3,000, badala ya 4,800 ambazo lingekuwa nazo kama koki ingekuwa nzima. Kisha usiku unaingia. Wapangaji wamelala, pampu imezimwa, lakini koki hailali. Kwa saa 12 nyingine inamwaga lita 1,800, na asubuhi wapangaji wanakuta lita 1,200 tu. Tangi lisilovuja lingewapa zile 4,800, mara nne zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayowapeleka akina mama na mama lishe kununua maji ya madumu kwa wasukuma mikokoteni.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tunaongeza kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Hesabu ya nyumba ndiyo hesabu ya jiji. Mitambo ya Ruvu Juu, baada ya kupanuliwa, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla ni milioni 466. Upanuzi wa Ruvu Chini uliipandisha kutoka milioni 180, yaani uliongeza milioni 90 kwa siku, kwa gharama kubwa ya fedha za umma. Sasa tuseme sehemu moja tu ya tano ya maji yote inapotea njiani. Hiyo ni zaidi ya lita milioni 93 kwa siku: upanuzi mzima wa Ruvu Chini umekwisha kumezwa na tundu. Na upotevu wa maji Dar es Salaam, ukijumlisha yanayovuja, yanayoibwa na yasiyosomwa kwenye dira, kwa miaka mingi umekuwa mkubwa kuliko hiyo sehemu ya tano.

Mwezi Oktoba 2022, ukame ulipoushusha Mto Ruvu, jiji liliingia katika mgao mkali. Bomba la kuingiza lilipungua, lakini matundu hayakungoja mvua. Mto hauko katika amri yetu. Matundu yamo katika amri yetu.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Walimu wa shule za Ilala na Kariakoo wawatoe wanafunzi darasani, wawape ndoo, saa na bomba la shule, wapime wenyewe lita zinazoingia na zinazovuja kwa dakika moja, kisha ndipo warudi ubaoni. Mtoto aliyepima tundu kwa mikono yake hataandika kwamba tangi lilijaa kabla ya kufunguliwa bomba. Wenye nyumba waite fundi leo, wasingoje koki ipasuke. Na DAWASA, kila inapotangaza lita mpya zinazoingia jijini, iwatangazie wananchi pia, kwa wazi na kwa tarakimu, lita zilizozuiwa zisipotee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuongeza mabomba bila kuziba matundu ni kazi isiyokuwa na mwisho, na anayeilipia ni mwananchi anayeamka alfajiri kukuta tangi tupu.