Kompyuta tegemezi katika shule za Mara

Kompyuta tegemezi ni kifaa chenye skrini, kibodi na kipanya kisichoendesha programu chenyewe: kazi hufanywa na seva, nacho huonyesha matokeo tu. Mfumo huu hutumika maofisini na hata melini. Kwa shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama, katika Mkoa wa Mara, una faida na hatari zake.

Gharama

Faida ya kwanza ni umeme. Kwa mfano, kompyuta 20 za kawaida za wati 100 kila moja huhitaji wati 2,000. Vifaa tegemezi 20 vya wati 10, pamoja na seva ya wati 300, huhitaji wati 500, bila kuhesabu skrini. Kwa shule ya kijijini inayotumia sola, tofauti hiyo hupunguza idadi ya paneli na betri za kununua. Faida ya pili ni matengenezo, kwa kuwa programu husasishwa mahali pamoja. Programu huria kama LTSP huondoa pia ada ya leseni.

Udhaifu

Seva ikizimika, darasa zima husimama. Mwaka 1997 manowari ya Marekani USS Yorktown ilikwama baharini baada ya sifuri kuingizwa katika hifadhidata na mtandao wake wa kompyuta kuanguka. Kompyuta zake hazikuwa tegemezi, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi kosa dogo linavyosambaa pale ambapo vyote vimefungamana. Manowari husafiri na mafundi wake; shule ya kijijini humsubiri fundi kutoka mjini.

Mahali pa seva

Katika miaka ya 2000 mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH na Chuo Kikuu cha KTH cha Uswidi, ulitumia nyaya za fiba za TANESCO kuunganisha Bunda na Mugumu, wilayani Serengeti. Hata hivyo, kuweka seva moja Musoma kwa ajili ya shule zote kungemaanisha kwamba fiba ikikatika, madarasa mengi yanasimama kwa pamoja. Ni salama zaidi kila shule kuwa na seva yake, betri na nakala za data, na wilaya kuwa na seva ya akiba na fundi. Shule yenye kompyuta tano tu haipati nafuu kubwa, kwani bei ya seva humeza kilichookolewa.